Picha ya Karamu ya Bwana, na Jinsi Ilivyopangwa

Wasomaji wengi wa gazeti hili waijua picha ya Bwana Yesu ameketi mezani pamoja na mitume wake kumi na wawili, usiku ule kabla ya kuteswa kwake. Imetundikwa katika nyumba nyingi za Wakristo. Pengine imefumwa katika kitambaa, pengine imechapwa katika kalenda. Tumezoea kuiona hata hatuitazami tena. Mgeni akituuliza, “Mtume huyu aliyeinua kidole ni nani? Na yule mwenye mfuko mkononi?” aghalabu twanyamaza. Basi mwezi huu tumeona vema kueleza habari za picha ile: nani aliyeichora, na zamani gani, na zaidi ya yote jinsi alivyoipanga, maana uzuri wake mkubwa hauko katika rangi, bali uko katika mpango. Tena fundi yule, pamoja na hekima yake yote, alifanya kosa moja kubwa katika kazi hiyo. Nalo hatutalificha, kwa kuwa lina mafundisho.

Kwanza tuseme, kupanga picha ni nini. Mwanamke ashonaye mkeka hauchukui ukili kama unavyomjia mkononi. Hutangulia kufikiri: huu mweupe ukae wapi, na huu wenye rangi ukae wapi, ili pande mbili zilingane na jicho lipate pa kutulia. Akikosea hesabu, mkeka utalaliwa, lakini kila aingiaye nyumbani ataona ya kuwa upande mmoja umezidi. Mchoraji naye ana hesabu yake, na kwa ufupi ni mambo manne. La kwanza, jicho la mtazamaji liende wapi kabla ya pengine pote. La pili, mizani: uzito wa upande wa kuume ulingane na uzito wa upande wa kushoto. La tatu, mambo yafanane kiasi cha kuwa kitu kimoja, tena yatofautiane kiasi cha kutochosha. La nne, kitu kilicho karibu kionekane kuwa karibu, na kilicho mbali kionekane kuwa mbali, ijapokuwa vyote vimechorwa juu ya ukuta mmoja ulio sawasawa. Mambo haya manne hayakujulikana yote kwa siku moja. Watu wa Italia walijifunza kidogo kidogo muda wa miaka mia mbili, na picha yetu ndiyo matunda ya masomo hayo.

Zamani, katika makanisa mengi ya Ulaya, watakatifu walichorwa wamesimama kwa mstari, nyuma yao rangi ya dhahabu tupu. Aliye mkuu alichorwa mkubwa, na aliye mdogo kwa cheo alichorwa mdogo, hata kama amesimama mbele. Hatusemi ya kuwa picha zile hazikuwa nzuri. Zilikuwa na heshima kubwa, na waliozichora walijua walitakalo. Lakini mtu azitazamapo haoni ya kuwa jambo latendeka mbele yake.

Mwaka 1305 hivi, fundi mmoja jina lake Giotto alimaliza kuchora kuta za kanisa dogo katika mji wa Padova. Humo alichora maisha ya Bwana tangu mwanzo hata mwisho. Katika picha ya kusalitiwa kwake bustanini, twaona mikuki, marungu na mienge imeinuliwa angani huku na huku, na katikati ya ghasia ile nyuso mbili zakaribiana, uso wa Bwana na uso wa Yuda. Joho la Yuda, la rangi ya manjano, limemfunika Bwana karibu mwili wote. Mtu hana haja ya kuambiwa atazame wapi. Joho lile lampeleka jicho, na mikuki yamrudisha pale pale. Hapo ndipo lilipoonekana wazi jambo la kwanza katika yale manne.

Picha nyingine ya Giotto ilikuwako Roma, nayo ilionyesha mitume chomboni, nao wamwona mwenzao Petro akitembea juu ya maji. Mtu mwenye elimu, Leon Battista Alberti, aliisifu picha ile katika kitabu chake cha mwaka 1435, kitabu kilichowafundisha wachoraji kanuni za kazi yao. Aliisifu kwa sababu moja: wale mitume kumi na mmoja wote wameshikwa na hofu, lakini kila mmoja aionyesha hofu yake kwa namna yake, kwa uso na kwa viungo. Wasomaji walishike neno hili, maana tutalirudia.

Jambo la nne, lile la karibu na mbali, lilipata kanuni yake katika mji wa Firenze mwanzoni mwa karne ya 15. Mtu aliyeionyesha kanuni ile ni Filippo Brunelleschi, ndiye yule aliyejenga kuba kubwa la kanisa kuu la mji huo. Kanuni yenyewe si ngumu. Simama katikati ya barabara ndefu iliyonyoka, yenye miti pande zote mbili. Utaona ya kuwa kando za barabara zakaribiana kadiri ziendavyo mbali, na miti yazidi kuwa mifupi, hata mwisho vyote vyaingia katika nukta moja. Twajua ya kuwa barabara haikupungua upana, wala miti ya mbele si mifupi. Ndivyo jicho lionavyo tu. Basi mchoraji akichagua nukta moja katika picha yake, na kuielekeza huko mistari yote iendayo mbali, ukuta utaonekana kana kwamba umetobolewa, na nyuma yake pana chumba. Kijana mmoja, Masaccio, aliitumia kanuni hiyo mnamo mwaka 1427 katika kanisa la Santa Maria Novella, akachora Utatu Mtakatifu chini ya dari ya kuviringa, nayo yaonekana kama chumba cha kweli ndani ya ukuta. Mwaka uliofuata alikufa, naye hajafika hata miaka thelathini.

Sasa tuje katika karamu yenyewe. Ilikuwa desturi katika nyumba za watawa kuchora Karamu ya Bwana katika ukumbi wa kulia chakula, ili ndugu walapo wamkumbuke yeye aliyekula na wanafunzi wake. Wachoraji waliopewa kazi ile walikutwa na shida mbili. Shida ya kwanza: watu kumi na watatu wameketi mezani. Ukiwaketisha kuizunguka meza kama watu walavyo kweli, baadhi yao watatupa migongo. Na ndivyo Giotto alivyofanya kule Padova. Ukiwaketisha wote upande mmoja, wawa kama watoto wa shule waliopangwa kwa mstari. Shida ya pili: Yuda ataketi wapi, na tutamjuaje?

Wengi walijibu swali hili la pili kwa njia iliyo nyepesi. Andrea del Castagno, alipochora karamu yake Firenze mwaka 1447 katika nyumba ya watawa wanawake ya Sant'Apollonia, aliwaweka Bwana na mitume kumi na mmoja upande wa mbali wa meza, na Yuda akamweka peke yake upande wa huku, kinyume cha wenzake wote. Domenico Ghirlandaio alifanya vivyo hivyo mwaka 1480 katika nyumba ya watawa ya Ognissanti. Picha hizo ni nzuri, nasi hatuzidharau. Lakini mtu azitazamapo humjua mwovu mara moja, kama vile mtu amjuavyo mfungwa kwa nguo zake. Meza imekwisha kumhukumu kabla Bwana hajanena neno. Tena mitume waliosalia wameketi kwa utulivu, kila mtu mahali pake, kwa maana hawana la kushangaa.

Mtu aliyekataa njia ile ni Leonardo. Alizaliwa mwaka 1452 karibu na mji mdogo wa Vinci, akajifunza kazi Firenze kwa fundi Verrocchio, na mnamo mwaka 1482 akahamia Milano, akamtumikia mtawala wa huko, Ludovico Sforza. Ludovico ndiye aliyemwagiza kuchora Karamu katika ukumbi wa kulia wa watawa Wadominiko, katika nyumba yao ya Santa Maria delle Grazie. Alianza mnamo mwaka 1495, akamaliza mnamo mwaka 1498. Picha ni kubwa sana: upana wake wapata futi 29, na kimo chake futi 15.

Mtu mmoja jina lake Matteo Bandello, aliyemwona kazini alipokuwa mtoto, aliandika baadaye ya kuwa siku nyingine Leonardo alipanda jukwaani alfajiri, akachora mpaka jua kuchwa bila kula wala kunywa. Kisha siku kadha zilipita asiguse brashi, bali husimama saa nzima au mbili huku amefunga mikono, akiitazama kazi yake na kuipima. Tena yasimuliwa ya kuwa mkuu wa watawa alikasirika kumwona amesimama bure, akaenda kumshitaki kwa mtawala. Leonardo akajibu ya kuwa mafundi hufanya kazi zaidi wanapoonekana hawafanyi, kwa sababu ndipo wanapofikiri. Akaongeza ya kuwa bado anatafuta uso wa Yuda, na asipoupata, atauchukua uso wa mkuu yule. Twaikumbuka hadithi hii kila tumwonapo mwanafunzi akikaripiwa kwa kuwa amenyamaza na kalamu yake haiandiki.

Basi alifikiri nini saa zile zote? Picha yenyewe yajibu. Wasomaji walio na picha hiyo nyumbani na waitwae sasa, pamoja na uzi mmoja mrefu.

Tazameni kwanza saa aliyoichagua. Si saa ya kuumega mkate kwa utulivu, bali ni mara baada ya Bwana kusema ya kuwa mmoja wao atamsaliti. Neno limekwisha kutoka kinywani. Mikono yake imetulia juu ya meza, mmoja umefunguka na mmoja umeinama. Neno lile lawafikia mitume kama jiwe lililotupwa majini: mawimbi yaondoka katikati na kwenda pande zote mbili hata mwisho wa meza. Kila mmoja aliuliza moyoni mwake kama ni yeye. Hapo twaona alivyolifuata fundisho la Alberti: neno ni moja, lakini nyoyo ni kumi na mbili.

Tazameni sasa jinsi alivyowagawa. Hawakuketi kwa mstari kama watoto wa shule. Wamo katika mafungu manne ya watu watatu watatu, mawili upande huu na mawili upande huu, na Bwana kati yao peke yake. Tukianza mkono wetu wa kushoto, fungu la kwanza ni Bartholomayo, aliyesimama mwisho wa meza, na Yakobo Mdogo, na Andrea, aliyeinua viganja vyake viwili kwa mshangao. Fungu la pili ni Yuda na Petro na Yohana. Kisha Bwana. Fungu la tatu ni Tomaso mwenye kidole kilichoinuliwa, na Yakobo wa Zebedayo aliyetandaza mikono yake, na Filipo aliyesimama huku ameiweka mikono yake kifuani, kama ajitetea. Fungu la nne ni Mathayo na Thadayo na Simoni, nao wanasemezana wao kwa wao. Uso wa Mathayo wamwelekea Simoni, lakini mikono yake yote miwili yaelekea kwa Bwana. Kwa njia hiyo hata wale wa mwisho, walio mbali, bado wamefungwa na yeye aliye katikati. Pande mbili zalingana kwa hesabu, watu sita na sita, mafungu mawili na mawili. Lakini hapana mkono mmoja uliofanana na mwingine. Hilo ndilo jambo la pili na la tatu, mizani pamoja na tofauti.

Bwana mwenyewe hakuguswa na mtu. Kichwa chake na mikono yake miwili iliyonyoshwa vyafanya umbo la pembe tatu, msingi wake mpana juu ya meza, kama mlima usiotikisika. Kulia na kushoto kwake pana nafasi tupu. Yohana, ambaye wachoraji wengi walimlaza kifuani pa Bwana, hapa ameinamia upande wa pili kumsikiliza Petro, na hivyo pengo limeachwa wazi. Wote wametikisika, naye peke yake ametulia.

Sasa twaeni uzi ule. Katika kuta mbili za kando mna mapazia yaliyotundikwa, na juu mna dari yenye miraba. Wekeni uzi juu ya ncha za juu za mapazia ya upande wa kushoto, mkauendeleze; kisha fanyeni vivyo upande wa kuume; kisha fuateni mistari ya dari. Yote yakutana mahali pamoja, napo ni kichwani pa Bwana, kando ya jicho lake la kuume. Mafundi walioisafisha picha ile katika miaka yetu waliona mahali pale pale tundu dogo la msumari. Yaonekana Leonardo alipigilia msumari ukutani, akavuta nyuzi kutoka hapo ili apate mistari yake. Hivyo kanuni ya Brunelleschi, iliyokuwa kanuni ya kuonyesha umbali, aliifanya kuwa kanuni ya kuonyesha enzi. Nyumba yote yamwelekea Bwana. Nyuma yake pana madirisha matatu, na la kati ndilo kubwa, lenye ukingo wa kuviringa juu yake. Kichwa chake chaonekana mbele ya mwanga wa mbingu. Wachoraji wa kale walizungusha duara la dhahabu kichwani ili tumjue mtakatifu. Leonardo hakuchora duara. Alimpa nuru ya mchana iingiayo dirishani.

Jambo jingine ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Yuda yuko wapi? Hakuwekwa upande wa huku. Ameketi pamoja na wenzake, upande ule ule wa meza, katikati ya fungu, karibu na Petro na Yohana, mitume waliokuwa wakuu. Mkate ulio mbele yao ni ule ule. Mtazamaji hana budi kumtafuta. Akimtafuta atamwona: amejitupa nyuma, kiwiko chake ki juu ya meza, mkononi ameshika mfuko, na uso wake u gizani, hali nyuso za wenzake zapata nuru. Hakufukuzwa mezani, yeye mwenyewe amejitenga na nuru kwa kujivuta nyuma. Nyuma yake Petro ameshika kisu, kana kwamba mkono wake umekwisha kuona kile utakachokitenda bustanini.

Ndugu wasomaji, tofauti ya upande huu wa meza na upande ule ni hatua moja tu, lakini mafundisho yake ni mengine kabisa. Katika picha za kale, mtu atazamaye husema moyoni, “Yule pale ndiye msaliti,” akajiona yu salama. Katika picha hii apitisha macho yake uso kwa uso, kama vile mitume walivyotazamana usiku ule, na kabla ya kumfikia Yuda amekwisha kujiuliza habari zake mwenyewe. Twajua ya kuwa Injili zasema mitume hawakumjua msaliti. Kila mmoja alihuzunika na kuuliza kwa habari ya nafsi yake. Basi Leonardo, kwa kubadili mahali pa mtu mmoja tu, aliikaribia Injili zaidi kuliko wale waliomtangulia. Twafikiri hapo yadhihirika ya kuwa mpango wa picha si pambo tu. Mpango wasema neno, tena waweza kusema kweli au kukosea.

Sasa tueleze kosa lake. Desturi ya mafundi wa Italia waliochora ukutani ilikuwa kupaka chokaa mbichi kiasi cha kazi ya siku moja, na kutia rangi ingali mbichi. Chokaa ikikauka, rangi imekwisha kuwa kitu kimoja na ukuta. Njia hiyo hudumu, lakini yataka haraka, wala hairuhusu kurudia. Nasi tumeona ya kuwa Leonardo alitaka kusimama na kufikiri, kufuta na kurudia. Kwa hiyo aliiacha njia ya mafundi, akapaka ukuta uliokauka rangi zilizochanganywa na mafuta na yai, kama mtu achoraye juu ya ubao. Rangi zile zilikuwa nzuri sana kwa siku chache, lakini hazikushika. Mwaka 1517, Leonardo angali hai, karani wa kardinali mmoja aliyepita Milano aliandika ya kuwa picha imeanza kuharibika. Kabla karne ile haijaisha, Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya mafundi wa Italia, aliiona imekuwa mawaa matupu.

Kisha yakafuata mengine. Mwaka 1652 watawa wenyewe waliukata ukuta ili kupata mlango, na miguu ya Bwana ikapotea chini ya meza. Mafundi wa karne ya 18 walipaka rangi zao juu ya rangi yake, wakidhani wanaitengeneza. Mwaka 1796 askari wa Napoleon waliufanya ukumbi ule zizi la farasi. Na mwezi wa Agosti 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliuangukia ukumbi. Dari ikaanguka, na ukuta mmoja mrefu ukabomoka. Ukuta wa picha ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga na mbao, nao ulisimama. Tangu mwaka 1978 hata mwaka 1999, mama mmoja hodari, Pinin Brambilla Barcilon, pamoja na wasaidizi wake, waliisafisha picha kipande kwa kipande, wakitazama kwa darubini za kukuza vitu vidogo, wakaziondoa rangi za waliotangulia. Kazi ilichukua zaidi ya miaka ishirini, yaani mara nyingi zaidi ya miaka aliyoitumia mwenyewe kuichora. Siku hizi watazamaji huingizwa kwa makundi madogo, nao hupewa robo saa tu, ili pumzi na vumbi lao visizidi kuiharibu.

Na ukutani upande wa pili wa ukumbi ule ule iko picha nyingine, ya Kusulubiwa kwa Bwana, iliyochorwa na Giovanni Donato da Montorfano mwaka 1495. Yeye aliifuata njia ya kale ya chokaa mbichi. Picha yake ilivumilia farasi na mabomu vilevile, na rangi zake hata leo zimeshika vema. Lakini waingiao humo huigeuzia migongo, wakamtazama Leonardo. Montorfano aliweka watu wengi sana, na farasi, na bendera, na jicho halijui litulie wapi. Kwa hiyo katika chumba kimoja twaona mafundi wawili: mmoja alijua kupanga, asijali kushika kwa rangi, mwingine alijua kushikisha rangi, asijue sana kupanga.

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa picha ya Leonardo iliharibika mapema hivyo, imetufikiaje sisi? Imefika kwa sababu ya mpango wake. Wanafunzi wake na wengine waliinakili ingali ikionekana. Nakala moja kubwa ya Giampietrino, ya mwaka 1520 hivi, yatuonyesha hata ile miguu iliyokatwa na mlango, na kidau cha chumvi kilichopinduliwa na mkono wa Yuda. Mwaka 1800 Raffaello Morghen aliichonga katika bamba la shaba, ikachapwa kwa wino mweusi, na kutoka hapo ikaenea ulimwenguni. Katika karatasi zile hapakuwa na rangi yake hata moja, wala alama ya mkono wake. Kilichobaki ni mafungu manne, mikono, madirisha matatu, na nukta ile moja. Hivyo vilitosha. Hata kalenda iliyochapwa vibaya, rangi zake zimepotoka na nyuso zimevimba, bado yamwonyesha Bwana katikati na msaliti kati ya ndugu.

Lakini tusiseme kwa hiyo ya kuwa kosa lake lilikuwa dogo. Watu walio wengi hawakupata kuiona kazi ile kama ilivyotoka mkononi mwake, wala hawataiona milele. Nayo ilipotea kwa kuwa fundi mkubwa hakuwasikiliza mafundi wadogo katika jambo la chokaa. Sisi walimu hupanga masomo mazuri, na wazee wa kanisa hupanga shughuli nzuri. Nasi mara nyingi twakosa katika jambo la chini kabisa, lile ambalo mwashi wa kijijini angalituambia kama tungalimwuliza.

Basi, ndugu, jioni ya leo itueni picha hiyo ukutani, mpanguse vumbi lake. Waiteni watoto waketi karibu na taa. Msiwaambie kwanza Yuda ni yupi. Waacheni wamtafute wenyewe, uso kwa uso, tangu mwisho mmoja wa meza hata mwisho wa pili. Na wakiisha kumwona, waulizeni kwa nini ilikuwa vigumu kumpata.